Kuitwa na Kuandikwa: Uhakiki wa Istilahi za Habari Zihusuzo Watu Transijenda

Utangulizi

Mfasiri wa chumba cha habari hupewa dakika chache tu kuigeuza taarifa ya shirika la habari la ng'ambo iwe ya Kiswahili. Akikutana na neno la uchumi, anayo orodha ya kutazama. Akikutana na neno la sheria, anayo kamusi. Lakini akikutana na habari ya mtu ambaye alipozaliwa aliandikwa mwanamume, naye anajijua na kuishi kama mwanamke, au kinyume chake, aghalabu hana pa kutazama. Hulichukua neno la kwanza linalomjia ulimini, na neno hilo, mara nyingi, ama ni tusi, ama ni jina la jambo jingine kabisa.

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno hayo. Hatukusudii kuamua hapa masuala ya dini wala ya sheria za ndoa. Masuala hayo yana mahali pake na wenyewe. Tunachouliza ni swali la kawaida la ukurasa kama huu: je, neno lililotumiwa lasema kile ambacho habari yenyewe imesema? Likisema zaidi, au likisema kingine, basi msomaji amedanganywa, na mtu aliyeandikwa amedhulumiwa. Na dhuluma hiyo si ya karatasini tu. Mtu aliyeitwa kwa jina la fedheha gazetini hukutana na jina hilohilo sokoni, kazini na kituoni, na mara nyingine hukutana na fimbo pamoja nalo.

Tutakachokiita transijenda katika makala haya ni hali ya mtu ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake hailingani na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Neno hili ni la kukopa, na kasoro zake tutazitaja mbele.

Chimbuko la habari tunazozitafsiri

Habari nyingi za aina hii hutujia kutoka Marekani na Ulaya, na huko nako zimekuwa na historia yake. Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti la Daily News la New York lilitangaza katika ukurasa wake wa mbele habari za Christine Jorgensen, aliyekuwa amehudumu katika jeshi la Marekani na aliyekwenda Denmark kwa matibabu. Kichwa cha habari kiliweka pamoja mambo mawili tu: uaskari wa zamani na urembo wa sasa. Mfumo huo ukawa kielelezo. Kwa miaka mingi iliyofuata habari za watu kama Jorgensen ziliandikwa kwa kuuliza mambo yaleyale: alikuwa nani, amekatwa nini, anafananaje sasa. Kazi yake, maoni yake na maisha yake ya kila siku vikawa nyongeza.

Filamu nazo zikafuata njia zake. Katika The Crying Game ya mwaka 1992, siri ya mwili wa mhusika ndiyo inayofichwa ili imshtue mtazamaji. Katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, mwuaji anayetaka kuuvaa mwili wa kike ndiye anayetisha, ingawa hadithi yenyewe inakana kwa maneno machache kwamba mtu huyo ni transijenda. Watazamaji wengi waliishika picha wakalisahau kanusho. Boys Don't Cry ya mwaka 1999 ilisimulia kwa huruma maisha ya Brandon Teena, kijana wa Nebraska aliyeuawa tarehe 31 Desemba 1993. Lakini aliyeigiza nafasi yake ni mwanamke, Hilary Swank, aliyepata kwayo tuzo ya Oscar. Filamu ya maelezo iitwayo Disclosure, iliyotengenezwa na Sam Feder na kutolewa mwaka 2020, iliwakusanya waigizaji na watengenezaji wa filamu walio transijenda wenyewe, wakaieleza historia hiyo kwa vinywa vyao.

Mabadiliko yalikuja polepole. Chelsea Manning, askari wa Marekani aliyehukumiwa kwa kuvujisha nyaraka za siri, alipotangaza tarehe 22 Agosti 2013 kwamba yeye ni mwanamke, mashirika makubwa ya habari yalibabaika kwa siku kadhaa, kisha shirika la Associated Press likaamua kutumia jina lake jipya na viwakilishi vya kike. Mwaka 2018 filamu ya Chile, Una mujer fantástica, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni; humo mwanamke transijenda, Daniela Vega, ndiye mwigizaji mkuu, na kisa chenyewe ni cha mfiwa anayenyimwa haki ya kumlilia marehemu wake. Mwaka huohuo Chile ilipitisha sheria ya utambulisho wa jinsia.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Mfasiri wa Kiswahili wa leo hupokea taarifa ambayo tayari imeandikwa kwa uangalifu katika lugha ya asili, na akiitia katika maneno ya ovyo huirudisha nyuma kwenye ukurasa wa mwaka 1952. Vivyo hivyo msimulizi wa kibanda cha video anayeifasiri filamu papo hapo kwa hadhira yake: filamu ikiwa ya msiba, yeye akitia neno moja la kejeli, imekuwa kichekesho. Katika hali zote mbili lawama si ya lugha ya asili.

Maneno tuliyo nayo na maana zake

Si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno katika uwanja huu. Kinayo mengi, na tatizo ni kwamba hutumiwa kana kwamba yote ni neno moja.

(a) Huntha. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika pwani yetu linajulikana zaidi na waliosoma fikihi, hasa mlango wa mirathi, ambamo wanazuoni hujadili fungu la mtu aliyezaliwa na viungo visivyobainika kuwa vya kiume au vya kike. Ni istilahi ya kitaalamu isiyo na matusi ndani yake. Lakini yahusu hali ya mwili tangu kuzaliwa. Mtu transijenda aghalabu si huntha, na huntha aghalabu si transijenda.

(b) Hanithi. Mzizi wake wa Kiarabu ni uleule, ila maana zimeachana. Katika Kiswahili hutajwa nalo mwanamume asiye na nguvu za kiume, na pia hutumiwa kumtukana mwanamume anayeonekana ana mwenendo wa kike. Neno hili lina ndugu yake huko Oman. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Unni Wikan alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu watu waitwao kwa neno hilo katika mji wa Sohar, akidai kwamba jamii ya huko iliwahesabu kama jinsia ya tatu. Mwaka 1978 Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, alimpinga katika jarida hilohilo. Ikiwa wataalamu waliokaa na watu hao hawakuafikiana juu ya maana ya neno hili katika jamii moja, mwandishi wa gazeti hana msingi wa kulibandika juu ya mwanamke wa Chicago au wa Santiago.

(c) Shoga. Kwa asili ni neno la mapenzi mema: mwanamke humwita hivyo rafiki yake mwanamke, na katika miji ya pwani matumizi hayo bado yako hai. Baadaye likapewa maana ya mwanamume anayelala na wanaume. Ama liwe na maana ya kwanza, ama ya pili, halimtaji mtu transijenda. Kumpenda nani ni jambo moja. Kujijua kuwa nani ni jambo jingine. Neno msenge lina kosa hilohilo, na tusi juu yake.

(d) Jike dume. Hapa tumetoka katika watu tukaingia katika wanyama. Jike na dume ni maneno ya mbuzi, kuku na ng'ombe. Yakitumiwa kwa mtu huwa ama ya sifa ya mzaha, kama mwanamke shupavu anavyoitwa jike dume, ama ya kumshusha. Katika habari ya kesi au ya kifo hayana nafasi.

(e) Aliyebadili jinsia. Huu ndio usemi unaotumiwa zaidi na waandishi waangalifu, nao ni afadhali kuliko yote yaliyotangulia. Hata hivyo una kasoro mbili. Kwanza, wasema tendo limekwisha kutendwa, na msomaji huelewa upasuaji; kumbe wengi wanaozungumziwa hawakupasuliwa, na habari yenyewe haikusema hivyo. Pili, wengi wao hawasemi kwamba walibadili jinsia. Wanasema kwamba waliandikwa visivyo. Mfasiri si hakimu wa kauli hiyo, lakini si haki yake pia kuigeuza mtu akiwa bado anaisema.

Kosa la kuchanganya na gharama yake

Huenda msomaji akaona kwamba tofauti hizi ni za wanazuoni. Matukio yanaonyesha vingine. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwezi wa Agosti 2024, mwanamasumbwi wa Algeria Imane Khelif alimshinda Angela Carini wa Italia katika sekunde 46. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza kwamba Khelif aliandikwa mwanamke alipozaliwa na ameishi hivyo. Mabishano yaliyokuwapo yalihusu vipimo na masharti ya ushiriki. Hakuna mahali ambapo yeye alisema kwamba ni transijenda. Hata hivyo gazeti la Boston Globe lilichapisha kichwa kilichomwita mwanamasumbwi transijenda, na baadaye likaomba radhi. Neno moja lisilo lake lilizunguka dunia nzima kabla ya radhi hiyo kusomwa.

Kabla yake ilikuwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2009, ambaye kwa miaka mingi amechanganywa na watu transijenda ingawa suala lake lilikuwa la homoni alizozaliwa nazo. Mtafsiri anayetumia huntha, hanithi na aliyebadili jinsia kana kwamba ni visawe hawezi kuieleza habari ya Semenya hata akitaka, kwa sababu ameshavunja vyombo vya kuielezea.

Tukija karibu, serikali ya Kenya iliwahesabu watu huntha kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, na matokeo yakawataja watu 1,524. Sheria ya Watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 inawatambua watoto wa aina hiyo. Mtumishi wa serikali anayejaza fomu, au mwalimu anayeeleza sheria hiyo kwa wazazi, anahitaji neno huntha libaki na maana yake moja. Gazeti likilitumia kwa watu transijenda, mzazi wa mtoto huntha atasoma habari isiyomhusu mwanawe na kuogopa mambo yasiyokuwapo; na fomu itajazwa vibaya.

Gharama ni kubwa zaidi panapohusika mkalimani. Waswahili wa Kongo, Burundi, Kenya, Uganda na Tanzania hufika mbele ya maofisa wa uhamiaji huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na ombi la hifadhi hupimwa kwa maneno yaliyotamkwa siku ile. Mwombaji akieleza kwamba alipigwa kwa sababu anaishi kama mwanamke, na mkalimani akafupisha kwa neno shoga, sababu ya ombi imebadilika ndani ya jalada bila mwombaji kujua. Hospitalini ni vivyo hivyo: daktari anayeambiwa hanithi atatafuta maradhi ambayo mgonjwa hakuja nayo.

Sarufi yetu na mtego wake

Kiswahili kina neema moja ambayo lugha nyingi za Ulaya hazina. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakitaji jinsi: alikuja, wamekuja, yeye, wao. Mabishano yote ya Waingereza juu ya kiwakilishi kipi kitumiwe kwa Manning hayakuwa na maana katika tafsiri ya Kiswahili. Kwa hiyo habari inayosema kwamba mtu fulani amebadili viwakilishi vyake haiwezi kutafsiriwa neno kwa neno. Yafaa isemwe waziwazi kwamba ameomba atajwe kama mwanamke, basi.

Lakini tusijisifu upesi. Jinsi ambayo Kiswahili hakikuiweka katika viwakilishi kimeiweka kwingine, na huko ndiko mfasiri anakoteleza.

Kwanza, imo katika kitenzi cha ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwaka 1959 Christine Jorgensen na mchumba wake Howard Knox walinyimwa hati ya ndoa huko New York kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha Jorgensen kilimtaja mwanamume. Mfasiri wa habari hiyo hana pa kujificha. Akiandika kwamba Jorgensen alikataliwa kuoa, ameibatilisha habari, kwani hakwenda pale kuoa. Akiandika kwamba alikataliwa kuolewa, ameisema habari ilivyokuwa, kisha aweza kuongeza sababu ya karani kama kauli ya karani. Kufunga ndoa na kuoana ni semi zisizotaja jinsi, nazo zafaa pale ambapo habari haibainishi. Hazifai pale ambapo ubishi wenyewe ni juu ya jambo hilo.

Pili, imo katika majina ya heshima: Bwana, Bibi, Bi., kaka, dada, shangazi, mjomba. Hapa Watanzania wanayo hazina katika neno Ndugu, ambalo kwa miaka mingi lilitumiwa katika barua za ofisi na mikutano ya hadhara kwa mwanamume na mwanamke bila ubaguzi. Mtumishi asiye na hakika juu ya mtu anayemwandikia hana sababu ya kubahatisha.

Tatu, imo katika ngeli. Sote twajua kwamba kumtia mtu katika ngeli ya ji- au ya ki- ni kumkuza kwa dharau au kumdogosha: jitu, kijitu, lijamaa. Upatanisho wa li- na ki- ukiingia katika habari ya mtu (dume hilo lilikamatwa) mwandishi ameshatoa hukumu kwa sarufi kabla hajatoa ushahidi wowote.

Nne, na hii ndiyo hila kubwa kuliko zote, imo katika kiambishi cha kujirejea. Linganisha kuitwa na kujiita, kuwa na kujifanya, kugeuka na kujigeuza. Kiambishi -ji- ni cha halali katika mahali pake, lakini kikiwekwa mbele ya jina au hali ya mtu humwambia msomaji kwamba hapo pana uongo. Anayejiita Rehema si sawa na anayeitwa Rehema.

Suala la jina

Magazeti mengi yana desturi ya kuchimbua jina ambalo mtu transijenda aliliacha na kulitangaza kuwa ndilo jina lake halisi. Tunauliza: halisi kwa kipimo gani? Desturi zetu zinajua sana mtu kubadili jina. Anayesilimu hupata jina, anayebatizwa hupata jina, na mama wa mtoto wa kwanza huacha kuitwa kwa jina lake akawa Mama Fulani mpaka majirani wasilikumbuke lile la zamani. Mwaka 1964 bingwa wa ngumi Cassius Clay alitangaza kuwa Muhammad Ali, na kwa miaka kadhaa baadhi ya magazeti ya Marekani yaliendelea kumwita Clay. Leo kila mtu anaona kwamba ule haukuwa usahihi bali ukaidi. Mwaka 1972 Rais wa Zaire alilitupa jina la Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na hakuna mhariri wa Afrika Mashariki aliyeona shida kuliandika jina jipya.

Kesi iliyo karibu nasi zaidi ni ya Audrey Mbugua Ithibu wa Kenya, mwanaharakati ajulikanaye hadharani, aliyelishtaki Baraza la Mitihani la nchi hiyo ili jina lake libadilishwe katika cheti cha shule. Mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza limpe cheti chenye jina lake la sasa, kisicho na alama ya jinsi. Tazama madai yenyewe yalivyokuwa madogo: karatasi ya mtihani ambayo mwajiri anaweza kuisoma na kumwamini mwenye kuileta. Cheti chenye jina la mwingine ni sawa na kutokuwa na cheti. Mwandishi anayeiripoti hukumu hiyo huku akimwita mdai kwa jina ambalo mahakama imeamuru liondolewe ameripoti kesi asiyoielewa.

Mfano wa tafsiri

Tutunge mfano. Tuseme taarifa ya asili yasema kwamba mwanamke transijenda mwenye umri wa miaka 30 ameshinda kesi ya kubadilishiwa jina katika cheti chake, na kwamba ameishukuru mahakama. Tafsiri ya kwanza: "Jamaa aliyejigeuza mwanamke ashinda kesi. Dume hilo, linalojiita kwa jina la kike, lilionekana likitabasamu." Tafsiri ya pili: "Mwanamke ashinda kesi ya jina katika cheti. Mdai, ambaye ni transijenda na aliandikwa mwanamume alipozaliwa, ana umri wa miaka 30. Ameishukuru mahakama."

Tafsiri ya kwanza imeongeza mambo manne ambayo asili haikuyasema: kwamba ni mwanamume, kwamba amejigeuza, kwamba ni mnyama, na kwamba jina lake ni la uongo. Imepunguza mawili: umri na shukrani. Mwalimu wa tafsiri angeisahihisha hata kama mada ingekuwa kilimo cha pamba. Tafsiri ya pili haikumsifu mtu, wala haikuficha jambo lolote ambalo msomaji alihitaji kulijua ili aielewe kesi. Imeleta habari.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba kutumia neno la staha ni kuliunga mkono jambo lenyewe. Tunajibu kwa kanuni ambayo magazeti yetu yameshaizoea. Mtu akikamatwa kwa wizi huandikwa mtuhumiwa mpaka mahakama iamue, na hakuna asemaye kwamba gazeti linaunga mkono wizi. Hatuwalinganishi watu hawa na watuhumiwa. Tunalinganisha kanuni tu, kwamba neno halipaswi kutangulia ushahidi. Mhubiri au mbunge akitumia neno kali katika hotuba yake, gazeti na linukuu kwa alama za kunukuu na kwa jina la msemaji. Sauti ya msemaji isiwe sauti ya gazeti.

Wapo pia watakaosema kwamba lugha haiamriwi. Ni kweli, lakini huelekezwa, nasi tumeiona ikielekezwa. Tulikuwa tukisema zeruzeru, na leo fomu na habari zasema mtu mwenye ualbino. Waliitwa vilema na viwete. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 imebeba jina jingine. Tumejifunza kusema watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kila mara kulikuwa na waliocheka, na kila mara mtu mwenyewe, aliyekuwa jina la ugonjwa au kasoro, akawa mtu kwanza. Mabadiliko hayo hayakumlazimisha yeyote kubadili imani yake.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: kwamba transijenda ni neno la kukopa, halijieleweshi, na kwamba utaratibu wetu wa kuunda istilahi wataka tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kwenda nje. Hapa tunakubali sehemu. Pakistani ilifanya hivyo: watu waliokuwa wakiitwa kwa neno lililogeuka tusi walipendelea jina la kale, khwaja sira, lililokuwa la watumishi wa heshima wa majumba ya wafalme, nalo likaingia katika matumizi ya ofisi. Sisi bado hatujapata neno la namna hiyo. Mvukajinsia laundika kwa kanuni zetu, lakini kuvuka huchukua pia maana ya kuvuka mpaka kwa kosa. Mabadili ni fupi na laingia vizuri katika ngeli, ila labeba tatizo lilelile la kubadili tulilolieleza. Mpaka lipatikane lililo bora, neno la kukopa lisiloeleweka haraka ni afadhali kuliko la kienyeji linalodanganya, kwa sharti lifafanuliwe linapotokea mara ya kwanza.

Mapendekezo

Kwa wafasiri, wahariri, walimu na watumishi wa umma tunapendekeza yafuatayo:

1. Huntha libaki kwa mtu aliyezaliwa na viungo visivyobainika, na lisitumiwe kwa mwingine.

2. Hanithi, msenge, shoga, dume na jike yasitumiwe katika sauti ya gazeti kumtaja mtu transijenda. Yakiwa katika kauli ya mtu, yanukuliwe na msemaji atajwe.

3. Mtu atajwe kama mwanamke au mwanamume kwa jinsi anavyoishi na kujieleza. Utransijenda wake utajwe pale tu habari inapouhitaji, na ufafanuliwe mara moja: aliandikwa mwanamume, au mwanamke, alipozaliwa.

4. Kubadili jinsia kutumiwe pale ambapo habari yasema kwamba matibabu au mabadiliko ya hati yamefanyika, na isemwe ni lipi kati ya hayo.

5. Jina la sasa litumiwe. La zamani liandikwe tu ikiwa habari haieleweki bila hilo, na lisiitwe jina halisi.

6. Kiambishi -ji- kiepukwe mbele ya jina na hali ya mtu, na upatanisho uwe wa a- na wa-.

7. Katika fomu, tofauti ya jinsi na jinsia ifuatwe. Alama za Me na Ke zahusu jinsi, yaani kile kilichoandikwa wakati wa kuzaliwa. Lakini fomu nyingi huziweka chini ya kichwa cha jinsia, na hivyo mtumishi hajui anachoulizia. Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia ya mwaka 2000 ililitumia neno jinsia kwa maana ya nafasi ya mwanamke na mwanamume katika jamii. Maana hiyo yafaa ilindwe.

Limebaki swali la nomino ya Kiswahili chenyewe. Tunawaomba wasomaji, hasa walioko Mombasa, Zanzibar, Lamu na Kongo ya mashariki, watuletee maneno wanayoyasikia yakitumiwa bila kejeli katika sehemu zao, pamoja na sentensi moja ya mfano na maelezo ya ni nani alilitumia kwa nani. Neno linalofaa huenda likawa tayari liko mdomoni mwa mtu, nasi hatujaliuliza.